Kigari Kilichokataa Kusimama

Wanjiru ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mwalimu Wekesa amefariki, na hata katika jambo hilo nikaona amenitangulia. Nilikuwa Myanga, nimechuchumaa kando ya kisima cha mama mmoja muuza miche, nikifungua pampu iliyokataa kuvuta maji. "Nasimiyu, uko?" akauliza. "Mwalimu ametuacha. Mama Sela amenipigia asubuhi." Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi karibu na kwao. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita kwao kila Krismasi na sukari na majani ya chai. Lakini Mama Sela, mke wa Mwalimu, alipopatwa na msiba alimpigia Wanjiru huko Kitale, na Wanjiru ndiye akanifikishia habari mimi wa hapa Bungoma. Nilimlilia Mwalimu, Mungu ni shahidi, nikaketi kwenye ndoo ya yule mama nikalia mpaka akaniletea maji. Ila kabla ya machozi kulikuja kitu kingine, kidogo na kichungu, kama mbegu ya limau uliyoiuma bila kutaka. Nilikitambua. Niliwahi kuishi nacho chumba kimoja mwaka mzima, nikila nacho na kulala nacho, mwaka ule wa mwisho wa chuo nilipokuwa nikilala kitanda kimoja na Wanjiru.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati, upande wa Kipsongo mjini Kitale, ambako kodi haikuwatisha wanafunzi, na ukuta wetu mmoja tulishirikiana na fundi viatu na mke wake. Tulisikia kila neno lao. Mke alikuwa na mazoea ya kumwambia mumewe, "Wewe ukipendwa unanenepa, mimi nikikupenda nakonda," na Wanjiru alicheka mpaka akaficha uso kwenye mto, lakini mimi sikucheka, maana nilimwelewa yule mwanamke. Ndani tulikuwa na kitanda, meza ya mbao mbichi iliyotoa utomvu jua likiwaka, jiko la mafuta na sanduku la vifaa vya umeme. Wanjiru alitoka kwenye zile familia zilizohamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati, na kila alipotoka kwao alirudi na viazi, maharagwe na maziwa kwenye kibuyu cha plastiki. Mimi nilipika mrenda na ugali. Yeye alipika githeri ya mahindi na maharagwe, akaitia kitunguu kingi na viazi mpaka majirani wakauliza kuna nini. Alikula polepole, akiongea, na chakula chake hakikupoa kamwe. Changu kilipoa nikimsikiliza. Sote wawili tuliweka r mahali pa l na l mahali pa r, mimi kwa Kibukusu changu na yeye kwa Kikuyu chake, na nadhani hapo tu ndipo tulipokuwa sawa.

Chuo kilikuwa cha ufundi, na Mwalimu Wekesa alitufundisha elektroniki. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti la bluu lililotobolewa na matone ya risasi ya kulehemu. Mwanzoni mwa mwaka ule alitupatia mradi wetu. Mtu fulani aliyekuwa akirusha ndege za mchezo alikuwa amekiachia chuo rimoti yake ya zamani pamoja na kipokezi chake, kiboksi kidogo kama kiberiti. Mwalimu alikiweka mezani mbele yetu akasema, "Nataka kigari cha kunyunyizia dawa shambani. Mtu asimame mbali, kigari kiende chenyewe kati ya mistari. Mnajua watu wangapi hapa wanakohoa kwa sababu ya kubeba hiyo pampu mgongoni?" Kisha akatuangalia mmoja mmoja. "Nyinyi wawili. Mtafanya pamoja." Nilifurahi kuchaguliwa. Kisha nikaona alivyosukuma kile kiboksi mezani, na kwamba kilisimama upande wa Wanjiru.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kipokezi kinapopata habari kutoka kwa rimoti hakisemi "mbele" wala "nyuma". Kinatoa mipigo ya umeme, mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kila sekunde, na ujumbe wote umo katika upana wa mpigo. Ukivuta kijiti cha rimoti nyuma mpigo unakuwa mwembamba, kama milisekunde moja. Ukikisukuma mbele unapanuka, kama milisekunde mbili. Ukikiacha katikati unakaa hapo kati. Lakini mota za kigari hazielewi lugha hiyo. Zinataka kuambiwa upande wa kuzunguka na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo katikati unaweka maikrokontrola, ile chip ndogo inayoandikiwa programu, na kazi yake ni kungoja mpigo uinuke, kupima muda hadi ushuke, kisha kuugeuza ule muda kuwa mwendo. Siku ya kwanza tuliunganisha oskiloskopu ya chuo, mashine kuukuu inayochora umeme kwenye kioo cha kijani, na Mwalimu akasukuma kijiti taratibu. Mstari kwenye kioo ukapanuka kama mtu anayevuta pumzi. Nilishika meza. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na hadi leo, nikiwa ninakaribia arobaini na mikono yangu imejaa grisi, sijawahi. Niligeuka nimwambie Wanjiru, nikakuta anakula mandazi. "Aah," akasema, "kumbe ni upana tu. Basi tunahesabu."

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, na ningependa niseme ulikuwa wivu wa akili yake, lakini haukuwa huo peke yake. Nilimwonea wivu kwa sababu aliipata akili ile bila kuipenda. Mimi niliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda mtu. Nilipima mipigo ya rimoti yetu kijiti kikiwa kila mahali, nikagundua kwamba haikufika moja kamili wala mbili kamili kama vitabu vinavyosema, nikaandika hesabu zake kwa chaki kwenye mabati ya chumba chetu, nikatengeneza programu ifuate rimoti yetu na si ya vitabuni. Wanjiru akaangalia ukuta akasema, "Uko na bidii, bana," akaendelea kusuka nywele. Kisha tukapata tatizo la kutetemeka. Kijiti kikiwa katikati, magurudumu yaliyopaswa kutulia yalikuwa yakishtukashtuka, huku na huku, kama miguu ya mbwa anayeota. Nilijua sababu: mpigo haukai pale pale, unapungua kidogo na kuzidi kidogo, na programu ilitii kila badiliko. Wiki nzima nilihangaika kuutuliza ule mpigo. Nilibadilisha waya, nikaongeza vipande, nikaomba ushauri kwa wanafunzi wa mwaka uliopita. Jumamosi moja Wanjiru alikuwa amekaa mlangoni akikausha nywele juani. Akageuza shingo akauliza, "Kwani ni lazima tuisikilize hapo katikati? Si ikikaribia katikati tuseme tu ni katikati." Niliandika hivyo, mistari miwili. Magurudumu yakatulia. Yule mke wa fundi viatu alikuwa akimwaga maji nje, akauliza mbona nimesimama hivyo kama nimepigwa.

Wiki ile ile nilimsikia Mwalimu akiongea. Karakana ya chuo ilikuwa na ukuta wa mbao uliogawanya stoo na ofisi yake, na mimi nilikuwa stoo nikitafuta skrubu. Alikuwa akiongea kwa simu, sijui na nani. "Niko na msichana hapa," akasema, "anaona kitu kabla hajakiangalia. Nimefundisha miaka mingi, sijapata kama huyu." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, wako wawili. Yule mwingine ni mzuri pia. Ni wa kutegemewa." Nikabaki na zile skrubu mkononi. Wa kutegemewa. Kuna maneno ya sifa ambayo mtu akiyasikia anatamani angetukanwa. Jioni ile tulikula ugali na omena na Wanjiru akaniuliza mbona sili. Nikamwambia tumbo. Akaamka akanichemshia maji ya tangawizi, akaniwekea karibu na kitanda, na nikayanywa nikimchukia kwa kila funda, kwa sababu hata ubaya wangu hakunipa nafasi ya kuufanyia kazi.

Tulipokuwa tayari kujaribu, tulikipeleka kigari shambani kwa mjomba wake Wanjiru, nje ya mji, kwenye mistari ya nyanya iliyoteremka kuelekea mtoni. Ilikuwa asubuhi ya jua baada ya mvua. Tulijaza tangi maji badala ya dawa. Wanjiru alishika rimoti, maana mkono wake ulikuwa mwepesi; mimi nilitembea kando ya kigari nikiangalia waya; Mwalimu alisimama chini kabisa, mwisho wa mstari, mikono nyuma, koti lake la bluu likionekana kati ya majani. Kigari kilikwenda vizuri mno. Kikanyunyiza, kikageuka, kikarudi juu. Mjomba mtu akasema, "Hii sasa ni maendeleo," akatuletea chai shambani, na mara ya pili Wanjiru akakisukuma kwa kasi zaidi, kikishuka. Katikati ya mteremko nikamsikia akisema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nasimiyu, haisimami." Nikageuka. Alikuwa amerudisha kijiti katikati, akakivuta nyuma, akaibamiza rimoti kwa kiganja. Taa yake ilikuwa imezimika. Betri ilikuwa imekwisha, na kigari kilikuwa kikiendelea kushuka vile vile kama kilivyoamriwa mwisho, tangi limejaa, uzito wote ukielekea kwa Mwalimu. Nilikimbia. Nilikishika nyuma kikaniburuta kwenye matope. Mwalimu alituona tukija, akaruka pembeni, lakini udongo ulikuwa umelowa na mguu wake ukabaki. Nilisikia mfupa. Mtu akikuambia kwamba mfupa haulii, mwambie akaulize mtu aliyekuwa karibu.

Walimtibu Kitale, kisha Mama Sela akaomba ahamishiwe hospitali ya misheni ya Lugulu, karibu na nyumbani kwao, awe akimpelekea uji mwenyewe. Mkuu wa chuo akasema mradi usimame. Alitwambia hivi, "Mashine isiyojua kusimama si mashine, ni ng'ombe mwenda wazimu." Wanjiru akachukua nguo chache akaenda Lugulu kumsaidia Mama Sela, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika rimoti na hakuweza kukaa. Mimi nikabaki chumbani na kigari. Nitasema ukweli: chini ya huzuni yangu kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na tatizo.

Jumapili ile mvua ilipiga mabati hata sikuwasikia majirani. Nilikipandisha kigari juu ya sufuria iliyofunikwa ili magurudumu yazunguke hewani, nikawasha, nikasukuma kijiti mbele, kisha nikachomoa betri ya rimoti. Magurudumu yakaendelea. Nikarudisha betri, nikachomoa tena. Yakaendelea. Nikaisoma programu yetu mstari kwa mstari, kwa sauti, kama mtu anayesoma Zaburi, na nilipofika mahali palipoandikwa ingoje mpigo, nikaurudia mstari ule. Rimoti ikifa, kipokezi chetu hakitoi mpigo wowote. Hakisemi simama, kinanyamaza. Na programu yetu ilikuwa haijui kunyamaziwa. Ilibaki pale mlangoni ikingoja mpigo uinuke, ingengoja mpaka Yesu arudi, na huku nyuma mota zilikuwa bado zinatii amri ya mwisho. Niliandika kwamba ikingoja zaidi ya kipindi kifupi bila kuona mpigo, izime mota zote na isitii tena mpaka kijiti kirudi katikati. Nikasukuma kijiti, nikachomoa betri. Magurudumu yakasimama. Nikafanya hivyo tena na tena mpaka mvua ikaisha. Nilicheka peke yangu. Kitu hiki nilikiona mimi. Hakuna aliyekigeuzia shingo kutoka mlangoni.

Kesho yake nilikwenda Lugulu na kigari ndani ya gunia. Nilimkuta Mwalimu kwenye kitanda cha karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta, na Wanjiru ameketi kwenye kiti cha mbao akimmenyea ndizi. Nilisalimia, nikaulizia maumivu, nikaulizwa safari. Kisha nikasema, "Mwalimu, nimejua kwa nini hakikusimama."

"Hata mimi nimejua," akasema, akatabasamu. "Mwenzako amenieleza Ijumaa."

Wanjiru akashtuka kidogo kwa kutajwa. "Ah, ilikuwa tu tunaongea," akasema. "Mama Sela alikuwa amemwambia msichana wake wa kazi akoroge uji mpaka amwite, halafu akasahau kumwita. Uji ukaungua na msichana anakoroga tu. Nikasema, ngai, si hii ndiyo kigari yetu? Inangoja kuitwa."

Hakuwa na kigari. Hakuwa na programu mbele yake, wala oskiloskopu, wala betri ya kuchomoa. Alikuwa na uji ulioungua. Nilifungua gunia kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini, nikakipindua kigari juu ya kiti ambacho Wanjiru alinipisha, nikamwonyesha Mwalimu. Akasukuma kijiti mwenyewe, akachomoa betri, magurudumu yakasimama. Akafanya mara nyingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaangalia. "Huyu sasa," akasema, akinishika mkono, "huyu amekitengeneza." Nilijua kwamba ni sifa ya kweli. Nilijua pia kwamba machoni pake nilikuwa nimefika Jumatatu mahali ambapo mwenzangu alikuwa amefika Ijumaa akiwa anaosha vikombe.

Mkuu wa chuo alilegeza kamba, na tukakipeleka kigari kwenye maonyesho ya kilimo. Mwalimu alikuja na magongo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye karakana ya pampu Bungoma, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alisimama kwenye meza yetu muda mrefu akiuliza maswali. Mimi nilijibu kuhusu waya na programu. Wanjiru alimweleza kwa mfano wa uji. Mwishowe bwana yule akamwambia Wanjiru, "Nina nafasi ya fundi mmoja. Wewe utakuja?" Nilikuwa nimesimama kando yake kabisa, bega langu lilikuwa linagusa lake. Wanjiru akafikiri kwa heshima kidogo, kama mtu anayepewa chai ya pili. "Asante sana, mzee, lakini mimi nataka ng'ombe," akasema. "Kukaa ndani siku yote siwezi. Chukua huyu. Huyu anapenda." Na yule bwana akanichukua. Kazi yangu yote, karakana niliyoifungua baadaye, watoto wangu waliosomeshwa na pampu za watu, vyote vilitoka kwenye maneno yale mawili, chukua huyu, aliyoyasema huku macho yake yakiwa tayari yameenda upande wa banda la mifugo.

Tulimzika Mwalimu nyumbani kwao, kwenye kilima kinachotazama barabara ya Webuye. Wanjiru alikuwa amefika kabla yangu, amevaa buti za mvua na leso nyeusi, amenenepa vizuri, na alinikumbatia harufu ya maziwa ikitoka kwenye sweta yake. Tulikula pamoja nyuma ya nyumba, wali na nyama kwenye sahani za plastiki, akanionyesha picha za ng'ombe wake kwenye simu, kila mmoja kwa jina. Nikamuuliza kama bado hushika vitu vya umeme. "Wapi," akasema. "Hata balbu nabadilishiwa. Ile kitu tulikuwa tunapima ilikuwa inaitwaje? Ile ya kupanuka." Nilimwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mji aliowahi kupita akiwa amelala. "Lakini wewe mwaka ule ulikuwa unanuna," akasema. "Nilikuwa nafikiri ni githeri yangu huipendi."

Wakati wa wanafunzi kusema ulipofika, Wanjiru ndiye aliyeitwa kwanza. Alizungumza vizuri, bila karatasi, juu ya koti la bluu na upole wa Mwalimu, kisha akafikia ajali. Akawaambia watu jinsi kigari kilivyokataa kusimama. "Na aliyejua ugonjwa wake ni huyu hapa," akasema, akininyooshea mkono. "Nasimiyu. Mimi nilikuwa Lugulu namenya ndizi. Yeye alikaa peke yake na ile mashine, akajua, akaja kutuambia. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau mguu." Watu wakapiga makofi. Mama Sela akanitazama akifuta macho. Nilimtazama Wanjiru usoni nitafute kama ananifanyia hisani, maana hisani ningeweza kuikataa. Hapakuwa na hisani. Alikuwa anasema alichokumbuka. Kile nilichombebea kinyongo ujana wangu wote, yeye hakuwahi kujua kwamba alikuwa nacho.

Nikaitwa mimi. Nilishika maikrofoni nikasema kwamba dada yangu amesahau, kwamba yeye ndiye aliyejua kwanza, siku kadhaa kabla yangu, kwa sababu ya uji ulioungua, na kwamba Mwalimu mwenyewe aliniambia hivyo pale kitandani. Nilisema kila kitu kama kilivyokuwa. Niliona vichwa vikitikiswa kwa kuridhika, na mzee mmoja wa kanisa kwenye safu ya mbele akamwambia mwenzake, kwa sauti iliyofika hadi nilipokuwa nimesimama, "Unaona huyo mama? Mnyenyekevu sana." Wakanipigia makofi mengi kuliko waliyompigia yeye. Nilirudi nikaketi, masikio yanawaka. Wanjiru akaniinamia, akanishika goti.

"Asante," akaninong'oneza. "Lakini si kweli, Nasimiyu. Mimi ningekumbuka."